Bango Barabarani, Simu Mfukoni

Tarehe 17 Novemba 2015, mwigizaji Charlie Sheen alisema kwenye televisheni ya Marekani kwamba anaishi na virusi vya Ukimwi (VVU). Wiki hiyo mauzo ya kifaa cha kujipima nyumbani nchini humo yalikaribia kuongezeka maradufu, yakabaki juu kwa wiki chache. Sisi tunaotunga matangazo ya afya tunapenda kusimulia ile wiki ya kwanza. Hizo "wiki chache" huwa tunazimeza kimyakimya.

Ndivyo vyombo vya habari vilivyo. Vinaamsha watu haraka, na watu wanarudi kulala. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2011, uliowahusu wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao, ulionyesha kwamba kampeni zinazotumia njia kadhaa kwa pamoja huongeza idadi ya wanaokwenda kupima VVU. Kwa hiyo inawezekana. Kazi ni kujua ujumbe unapita wapi.

Hapa Nairobi tumezoea bango kubwa la barabarani: mume, mke, tabasamu, "Jua hali yako." Mwanaume mwenye mpenzi wa kiume analipita kila asubuhi akiwa kwenye matatu na halimhusu. Ukimchora yeye waziwazi, nani atasimama kulisoma? Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinacholifanya tendo lao kuwa kosa la jinai, bado kipo, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, na mwenye nyumba hahitaji hata mahakama ili kumtoa mtu chumbani. Ndiyo maana ujumbe huu unapaswa kuingia mfukoni, kwenye simu.

Nako kuna hatari zake. Simu inawaka abiria wa pembeni akiwa bega kwa bega nawe. Kama mstari wa kwanza unasema "wanaume wanaopenda wanaume", umemsaliti uliyetaka kumsaidia. Mstari wa kwanza uwe wa kawaida kabisa, mengine yafunguke kwa kidole chake mwenyewe.

Maneno pia. Pwani, "shoga" ni jina ambalo mwanamke humwita rafiki yake wa kike. Huku mjini limegeuzwa tusi. Isitoshe, wapo wenye wake na watoto ambao hawatalijibu jina lolote utakalowaita. Uliza tendo, si jina: umelala na mtu, mwanamke au mwanaume, bila kinga tangu ulipopima mara ya mwisho? Swali hilo humfikia hata asiyejihesabu katika kundi lolote.

Tangazo zuri lionyeshe pia jambo lenyewe linavyofanyika. Kujipima kumeruhusiwa rasmi Kenya tangu 2017. Kwa kile kifaa kisicho na sindano, unapitisha kijiti kwenye ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, unakitumbukiza kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. Usisome baada ya dakika 40. Mstari mmoja kwenye C: virusi havikuonekana, ila jambo la miezi mitatu iliyopita huenda bado halijajitokeza. Mistari miwili, hata wa pili ukiwa hafifu: nenda kituo cha afya ukathibitishe, kwa sababu kifaa hiki peke yake hakitoi jibu la mwisho. Anayetumia ARV (dawa za kupunguza makali ya VVU) au dawa za kujikinga na VVU asikitegemee, apimwe kituoni. Na aliyekutana na hatari jana asingoje kifaa. Dawa za dharura za kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora.

Shirika la Afya Duniani linashauri wanaume hawa wapime angalau mara moja kwa mwaka. Sheria yetu ya VVU ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupima na inalinda siri ya majibu. Mambo haya mawili nadra utayaona kwenye tangazo, ilhali ndiyo yanayomwondolea mtu hofu kuliko picha yoyote.

Halafu kuna mlango wa kituo chenyewe. Mtu amesoma, amejipa moyo, amefika, na anayempokea anamuuliza kwa sauti mbele ya foleni, "Na mke wako yuko wapi?" Huyo harudi, na wenzake watapata habari kabla ya jioni. Mimi sikubali tangazo litoke kabla hatujapiga simu kwenye kila kituo kilichoandikwa humo, kama mteja wa kawaida, tukauliza swali lile gumu: mwanaume mwenye mpenzi wa kiume mtampokea? Kituo kikicheka au kikikata simu, jina lake tunalifuta.