Kuchuliwa si ruhusa ya kuacha dawa: maswali ya wachuaji na wateja wao

Nafanya fiziotherapia hapa Dodoma. Wagonjwa wa lupasi na baridi yabisi wananifikia wakiwa wamezidiwa, na nikiuliza dawa ziliachwa lini, hadithi huwa ni ileile: "Nilianza kuchuliwa, nikajisikia vizuri." Maswali haya nimeulizwa na wanaofanya masaji saluni na majumbani, mengine na wateja wao.

Magonjwa haya ni yapi hasa?

Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kuushambulia mwili wenyewe. Baridi yabisi hushika viungo, hasa vya vidole na vifundo vya mikono, kulia na kushoto, na asubuhi vinakakamaa hata saa nzima. Lupasi inaweza kugusa ngozi, viungo, figo, hata ubongo. Kati ya wagonjwa 10 wa lupasi, takriban 9 ni wanawake. Hayaambukizi.

Mteja wangu hulia akilala kitandani. Nimemuumiza?

Muulize, lakini pengine hujamuumiza. Hebu fikiria asubuhi yake. Ameamka Nkuhungu, hapa Dodoma, mwezi wa saba, baridi na upepo, vidole vimegoma kufunga vifungo vya shati la mtoto. Wifi anasema ni uvivu. Prednisoloni, dawa yake ya kutuliza kinga ya mwili, imemvimbisha uso, jirani anasema amenenepa kwa raha. Mwingine ameona kopo la vidonge vya kila siku, ananong'ona kwamba "ameathirika". Mtu wa namna hiyo akishikwa kwa upole, machozi yanatoka yenyewe.

Mwache alie. Legeza mkono, mpe kitambaa, muulize, "Niendelee au tupumzike kwanza?" Usimwambie ajikaze. Usimwambie wapo wanaoumwa kuliko yeye. Na aliyoyasema yaishie humo chumbani: Dodoma imekuwa jiji, umbea wake bado ni wa kijijini.

Kwa hiyo masaji inasaidia?

Inasaidia. Misuli inalegea, usingizi unakuja, wasiwasi unapungua. Ugonjwa hauondoki. Kiungo chenye joto na kilichovimba usikichue. Aliyetumia prednisoloni muda mrefu ana ngozi nyepesi, na mifupa yake huenda imedhoofu, kwa hiyo mkono uwe mwepesi, na hiyo tabia ya kumpanda mtu mgongoni ikome. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usiuguse. Apelekwe hospitali, huenda damu imeganda ndani.

Mteja akipata nafuu baada ya kuchuliwa, apunguze vidonge?

Hapana.

Hata kama maumivu yameisha kabisa?

Hapana! Mara nyingi maumivu yameisha kwa sababu vidonge vinafanya kazi. Ukishatumia prednisoloni kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo huzoea kupumzika na kupunguza kutengeneza homoni yake ya asili. Ukikata dawa ghafla, mwili unabaki mikono mitupu: kutapika, kulegea, presha kushuka, kuzimia, na wengine kufa. Dawa hii hupunguzwa kidogokidogo, na mpango huo ni wa daktari.

Haidroksiklorokwini, dawa nyingine ya magonjwa haya, nayo ina mtego wake. Ukiiacha leo, kesho huoni kitu, wiki ijayo huoni kitu, unajisifu kwamba umepona. Baadaye lupasi inaamka, na inaweza kuamkia kwenye figo. Figo zinaweza kuharibika bila kuuma. Mteja anasema "nimepona" akiwa amelala kwenye taulo safi, lakini figo zake hakuna aliyeziuliza.

Mimi simwambii aache dawa. Namwambia tu mafuta yangu yanatoa sumu za vidonge mwilini.

Mama yangu, kwa heshima zote, hapo umemwambia aache. Mtu aliyechoshwa na vidonge anatafuta mtu mmoja tu wa kumruhusu, na wewe unakaa naye saa nzima wakati mimi nakaa naye dakika kumi. Neno lako linazidi langu. Basi litumie: "Endelea na dawa zako, Jumamosi tukutane tena."

Akisema dawa zimemchosha, usiishie kumpa pole. Muulize ni nini hasa kinachomchosha. Ni uso? Kichefuchefu? Pesa? Maneno ya watu? Daktari anaweza kurekebisha dozi au kubadilisha dawa, lakini hawezi kurekebisha asichoambiwa.

Huzuni ikizidi? Nikimtajia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, atanichukia.

Najua, mjini hapa "wewe ni wa Mirembe" ni tusi, na ni tusi la kijinga. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu, karibu kila siku kwa wiki mbili, usingizi na chakula vikiwa vimevurugika: huenda hiyo ni sonona, na inatibika. Akiona aibu kwenda Mirembe, aanzie kwa daktari wake wa siku zote. Lupasi yenyewe inaweza kuvuruga hisia, prednisoloni pia, hasa dozi ikiwa kubwa. Asiambiwe ni pepo wala upungufu wa imani.

Akitamka kwamba amechoka kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Usimwache peke yake. Mpigie ndugu anayemwamini, mwende hospitali siku hiyohiyo.

Mteja wangu ana wiki mbili bila vidonge. Anaogopa kurudi kliniki, atafokewa.

Aende leo, asingoje Jumatatu. Abebe makopo na pakiti zote, hata tupu, aseme ukweli wa tarehe aliyoacha. Asianze tena kwa kubahatisha dozi nyumbani. Kama anatapika, amelegea au ana homa, aende moja kwa moja kitengo cha dharura, na wewe msindikize ukiweza. Atafokewa kidogo, ndiyo, hata mimi hufoka nikichoka. Kisha atapimwa presha na mkojo. Wakati wa kusubiri majibu mtafutie kiti kivulini, maana jua nalo huamsha lupasi, na hili la kwetu halina huruma.