Kuhara baada ya kupandikizwa uloto: usikimbilie dawa ya amiba

Kijana alirudi Tukuyu akitokea India, ambako alipandikizwa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu na kinga) wa dada yake kutibu saratani ya damu. Siku ya 43 tangu apandikizwe tumbo likaanza kumsokota. Kwenye duka la dawa wakampa metronidazoli, "ni amiba tu". Siku tatu zikapita hivyo, na siku tatu kwa mgonjwa wa aina hii ni nyingi mno.

Mama yake aliponipigia nikamuuliza, "Mama, anaharisha kiasi gani?" "Sana, daktari." Nikamwomba atenge jagi la lita moja, apime kila kinachotoka, na alfajiri wapande Kosta waje Mbeya. Alifika na daftari la shule: jioni 400, usiku 600, alfajiri 350. Mililita 1,350, maji ya kijani.

Namba hizo ndizo nilizozihitaji kupima ukali wa GVHD ya utumbo, yaani kinga iliyopandikizwa kumshambulia aliyeipokea. Mtu mzima akifikisha mililita 500 kwa siku ni hatua ya kwanza, 1,000 ya pili, akizidi 1,500 ya tatu. Damu kwenye choo au maumivu makali ya tumbo ni ya nne.

Ugonjwa wenyewe huanza hivi. Dawa kali zinazotangulia upandikizaji huchubua utando wa utumbo, na vijidudu vilivyokuwa vimezuiliwa humo huamsha kinga. Lakini kinga hiyo sasa ni ya dada. Imeingia mwilini na kumwona mwenyeji kuwa ndiye mgeni, ikaanza kushambulia utumbo wake. Ngozi na ini navyo hushambuliwa; kijana huyu alikuwa na vipele viganjani ambavyo hakuna aliyevitilia maanani.

Hata hivyo sikuamini macho yangu peke yake. Virusi vya CMV, bakteria wa Clostridioides difficile, hata baadhi ya dawa za kutuliza kinga, vyote huharisha vivyo hivyo. Tukapima choo na damu, tukaingiza kamera njia ya haja kubwa na kuchukua vinyama vidogo. Matibabu ya kwanza ya GVHD ni steroidi, dawa za kutuliza kinga, kwa mshipa. Zikishindwa, ipo ruksolitinibu. Dawa ya kufunga tumbo usimpe kabla maambukizi hayajaangaliwa.

Kuna na maziwa. Rungwe mgonjwa akidhoofika huletewa mtindi wa kienyeji, kwa upendo kabisa. Kwa mtu ambaye kinga yake imetulizwa kwa dawa, maziwa yasiyochemshwa ni hatari.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, sasa inapandikiza uloto watoto wenye selimundu, hivyo wagonjwa hawa tutazidi kuwapokea huku Nyanda za Juu Kusini. Mgonjwa akiharisha au kutapika, wapigieni simu waliompandikiza siku hiyohiyo. Akitapika vidonge vya kutuliza kinga, semeni; msiviache wala kuvirudia kwa kubahatisha.

Siku ya tisa wodini mama aliandika 150. Ya kumi na moja hakuandika namba: "Choo kizito. Ameomba ndizi."