"Nimetafuta, hakuna utafiti": dhana potofu kuhusu kusaka makala za kitabibu

"Mada hii bado haijafanyiwa utafiti." Sentensi hii hujirudia kwenye mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia, na mara nyingi si kweli. Ukiuliza imetoka wapi, jibu ni lile lile: niliandika swali langu PubMed, hifadhidata ya rekodi za makala za kitabibu, ikaja sifuri. Kwa sifuri hiyo mtu anatangaza pengo la maarifa, anaomba kibali cha kamati ya maadili, kisha anakwenda kuwatoa wagonjwa damu kwa ajili ya swali lililokwisha kujibiwa. Hilo ni kosa dhidi ya wagonjwa, na lilianzia kwenye kisanduku cha kutafutia.

Ukweli ni kwamba sifuri inaeleza maneno uliyoyaandika. Kati ya rekodi zaidi ya milioni 35 zilizomo PubMed, hakuna hata moja iliyobeba maneno yako yote kwa pamoja. Kuhusu tafiti zilizofanyika, bado hujajua lolote.

Kumbuka pia kwamba rekodi ni sehemu ndogo tu ya makala. Wengi hudhani PubMed hupekua makala nzima, kumbe hupekua kichwa, ikisiri (muhtasari wa makala), majina ya waandishi na jarida, maneno muhimu, na istilahi za MeSH, yaani msamiati maalumu wa mada za kitabibu, zilizobandikwa kwenye rekodi. Jambo lililotajwa kwenye sehemu ya mbinu peke yake, mathalani kwamba hospitali zilikuwa za vijijini, halionekani kabisa.

Tuchukue swali halisi: je, asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia kuvuja damu, inapunguza vifo vya wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua? Mwanafunzi anaandika hivi:

effectiveness of tranexamic acid in reducing maternal deaths from bleeding after delivery in rural hospitals

PubMed hudondosha vijineno kama of na in, kisha huunganisha yaliyobaki kwa AND. Inajitahidi kuyahusisha baadhi ya maneno na istilahi za MeSH, lakini sharti linabaki: kila dhana iwemo. Sasa angalia jaribio kubwa kuliko yote ya awali juu ya swali hili, WOMAN, lililochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2017, lenye wanawake 20,060 kutoka nchi 21. Kichwa chake hakina effectiveness, hakina bleeding, hakina delivery, hakina rural. Neno moja tu kati ya hayo likikosekana pia kwenye ikisiri na kwenye istilahi, jaribio zima linatoweka kwenye matokeo yako. Zaidi ya hapo, kichwa hicho kimeandika post-partum haemorrhage, kwa kistariungio na kwa tahajia ya Kiingereza cha Uingereza. Anayesaka vichwa na ikisiri kwa tahajia ya Kimarekani peke yake hakioni.

Dawa yake ni kulivunja swali kabla ya kugusa kibodi. Wote tumefundishwa PICO: mgonjwa au tatizo, afua, kilinganisho, matokeo. PICO hukusaidia kulielewa swali. Haikuamuru uzitafute herufi zote nne. Anza na mbili, tatizo na afua. Kilinganisho na matokeo mara nyingi hayatajwi kwenye ikisiri hata pale yalipopimwa, kwa hiyo kuyaongeza ni kujifungia milango. Maneno kama effectiveness, impact, role na factors yafute yote, hayana kazi yoyote kwenye utafutaji.

Kisha kila dhana ipewe mstari wake kwenye ukurasa wa Advanced, visawe vyote vikiunganishwa kwa OR, yaani kimoja tu kikiwemo yatosha:

#1 "Postpartum Hemorrhage"[mh] OR "postpartum hemorrhag*"[tiab] OR "postpartum haemorrhag*"[tiab] OR "post partum hemorrhag*"[tiab] OR "post partum haemorrhag*"[tiab] OR "postpartum bleeding"[tiab] OR PPH[tiab]

#2 "Tranexamic Acid"[mh] OR tranexamic[tiab] OR TXA[tiab]

#3 #1 AND #2

Alama ya mh inasaka istilahi ya MeSH, ambayo huinasa makala hata kama mwandishi alitumia maneno yake mwenyewe, na huvuta pamoja nayo istilahi finyu zilizo chini yake. Alama ya tiab inasaka kichwa, ikisiri na maneno muhimu ya mwandishi. Nyota inakamata miisho yote ya neno. Unazihitaji zote mbili, kwa sababu rekodi nyingi za PubMed hazina MeSH kabisa: majarida yasiyomo ndani ya MEDLINE, sehemu ya PubMed yenye majarida yaliyochujwa, hayabandikwi istilahi hizo, leo wala kesho. Jua pia kwamba ukitumia nukuu, nyota au tiab, PubMed inaacha kukutafutia MeSH yenyewe, hivyo lazima uiandike kwa mkono wako. PPH ina maana nyingine kwenye magonjwa ya mapafu na itakuletea takataka kwenye mstari wa kwanza. Usiitoe. Mstari wa pili utazichuja hizo takataka.

Mistari tofauti inakuokoa na kosa jingine linaloharibu utafutaji mwingi kimyakimya. Ukiandika tranexamic AND hemorrhage OR haemorrhage kwenye mstari mmoja bila mabano, PubMed inasoma kutoka kushoto kwenda kulia: inachukua makala za dawa na hemorrhage, halafu inamwaga juu yake kila makala duniani yenye haemorrhage. Mwanafunzi anaona maelfu ya matokeo na kusema mada ni pana mno, wakati kilichokosekana ni mabano.

Baada ya hapo, pima. Chukua makala mbili au tatu unazojua zinahusika, zile za kwenye mwongozo wa matibabu au alizokupa msimamizi, na uone kama zimo kwenye #3. Moja ikikosekana, fungua rekodi yake, soma kichwa, ikisiri na orodha ya MeSH iliyo chini, tafuta neno ambalo hukulifikiria, liongeze kwenye mstari wake. Rudia. Kipimo hiki huchukua dakika chache na ndicho kinachorukwa na karibu kila mtu.

Ukibaki na sifuri hata hivyo, ondoa dhana ulizoziongeza juu ya zile mbili, moja baada ya nyingine, kuanzia mahali, kisha matokeo, kisha kilinganisho. Nenda kwenye hifadhidata nyingine. Ndipo uandike "hatukupata", ukitaja hifadhidata ulizotumia, tarehe ya kutafuta, na mistari yote kama ulivyoiandika. "Hakuna" na "hatukupata" ni madai mawili tofauti, na ni la pili tu unaloweza kulitetea.

"Google Scholar inatosha, ina kila kitu."

Ina vingi, ila haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 hata ikikwambia imepata laki mbili. Haina istilahi za MeSH, haina mistari ya kuunganisha, haikubali ombi refu, na mpangilio wake hupendelea makala zilizonukuliwa sana, ambazo kwa kawaida ni za zamani. Mwenzako akirudia utafutaji wako hana hakika ya kupata ulichopata wewe. Itumie kufuatilia nani amenukuu makala fulani, au kuona kama kuna nakala ya bure mahali. Kwa kazi hizo ni nzuri sana.

"Ikiwa PubMed, basi imehakikiwa."

PubMed, MEDLINE na PMC ni vitu vitatu. MEDLINE ni sehemu ya PubMed yenye majarida yaliyochujwa na kupewa MeSH. PMC ni hifadhi ya makala kamili, na rekodi zake nazo huonekana PubMed, zikiwemo za waandishi waliotakiwa na wafadhili kuziweka hapo bila kujali jarida ni la aina gani. Makala zilizobatilishwa pia hubaki, zikiwa na tangazo juu yake: ile ya Wakefield ya 1998 kuhusu chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, iliyobatilishwa na Lancet 2010, bado unaipata. Soma tangazo kabla ya kunukuu.

Wala PubMed haibebi kila kitu. Kwa dawa na madhara yake nenda pia Embase, kwa uuguzi CINAHL, kwa afya ya akili PsycInfo, kwa majaribio nasibu CENTRAL ya Cochrane, mtandao unaoandaa mapitio ya ushahidi wa tiba. Global Index Medicus ya Shirika la Afya Duniani hukusanya majarida ya kanda ambayo hifadhidata kubwa huyaacha nje, nayo ni bure. Ila usinakili mistari ya PubMed na kuibandika kule. Embase ina istilahi zake, Emtree, na alama zake za sehemu.

"Vichujio vya pembeni hurahisisha kazi."

Vya umri, jinsia na binadamu hutegemea MeSH, kwa hiyo kubofya mara moja kunafuta rekodi zote zisizo na istilahi hizo. Ukitaka kuondoa tafiti za wanyama, tengeneza mstari wa animals[mh] NOT humans[mh], kisha utoe mstari huo kwenye #3 kwa NOT. Kwingineko kaa mbali na NOT. Ukiandika NOT children unapoteza kila utafiti uliohusisha watoto na watu wazima pamoja.

Kichujio kibaya kuliko vyote ni kile cha makala za bure. Makala haiwi na ushahidi bora kwa sababu haina malipo, na ikisiri ya makala ya kulipia ingekuambia kama inakuhusu. Tafuta kwanza, chagua kwa ubora, kisha ndipo uhangaikie nakala: muulize mkutubi, angalia PMC, angalia kama taasisi yako imesajiliwa Hinari, mpango ulioanzishwa 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji kwa ajili ya nchi za kipato cha chini na cha kati, au mwandikie mwandishi barua pepe. Waandishi wengi hutuma.

"Akili mnemba itanitafutia."

Roboti ya mazungumzo inaweza kutunga rejea yenye mwandishi wa kweli, jarida la kweli na juzuu inayowezekana, kwa makala ambayo haijawahi kuandikwa. Hata PMID, namba ya rekodi ya PubMed, ikiwepo, ifungue: huenda ni ya makala nyingine kabisa. Iombe visawe, ukavihakiki kwenye MeSH Browser. Rejea usiichukue kwake kabla hujaiona kwa macho yako.

"Kila utafutaji lazima uwe mrefu hivyo."

Hapana. Ukiwa wodini na mgonjwa anasubiri, mistari ya visawe si mahali pake. Anza na mwongozo wa matibabu unaotumika, kisha maktaba ya Cochrane, kisha Clinical Queries ya PubMed, ambayo ina vichujio vilivyojaribiwa kwa maswali ya tiba, utambuzi na matarajio ya ugonjwa. Dhana mbili, maneno mawili au matatu, soma mapitio ya kimfumo ya karibuni, yaani yale yanayokusanya na kupima tafiti zote za swali moja. Utafutaji mpana ni wa tasnifu na mapitio, mahali ambapo makala moja iliyokosekana inaweza kugeuza hitimisho.

"Kipindi kimoja cha maktaba mwaka wa kwanza kinatosha."

Hii ni ya walimu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana swali, na asiye na swali hakumbuki AND wala OR. Aidha zana zenyewe zinabadilika: PubMed ilipata sura mpya 2020, uwekaji wa istilahi za MEDLINE ukaachiwa kompyuta 2022, na MeSH huhaririwa kila mwaka. Fundisha mwanzoni mwa mzunguko wa wodi kwa kutumia mgonjwa aliyepo, kisha tena mwanafunzi anapoandika pendekezo, kwa kutumia swali lake mwenyewe. Maonyesho ya slaidi yawe mafupi, muda uliobaki kila mtu aandike mistari yake huku mkutubi akipita.

Na mnaposahihisha, msiridhike na orodha ya marejeo. Dai kiambatisho chenye mistari yote, idadi ya matokeo ya kila mstari, tarehe, na makala zilizotumika kupima. Idadi hizo hufichua makosa haraka: mstari wa #3 ukiwa na matokeo mengi kuliko #1, mtu ameunganisha kwa OR. Mstari wa MeSH ukiwa na sifuri, istilahi imeandikwa vibaya. Pendekezo linalosema "hakuna utafiti" bila kiambatisho hicho lirudishwe kabla ya kufika kwenye kamati ya maadili.