Ubavuni kuna gari usiloliona: dhana potofu kuhusu vioo vya gari

"Nikiona ubavu wa gari langu kiooni, kioo kimekaa sawa."

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na mimi mwenyewe niliendesha nayo miaka. Ukiuona mlango wako wa nyuma umejaa robo ya kioo cha pembeni, roho inatulia. Lakini mlango wako hauendi popote, wa nini kuulinda? Kioo kilichotegwa hivyo kinarudia kilekile unachokiona kwenye kioo cha kati, na ubavuni linabaki pengo la kumeza gari zima.

Mwaka 1995 mhandisi Mmarekani, George Platzer, alieleza namna nyingine ya kuvitega, na sijaona iliyo rahisi kuliko hiyo. Gari likiwa limesimama, egemeza kichwa kwenye dirisha lako, kisha sukuma kioo cha upande huo kwa nje mpaka ubavu wa gari uonekane kidogo tu ukingoni. Kwa kioo cha upande wa pili, sogeza kichwa hadi katikati ya gari, ufanye vivyo hivyo. Ukikaa kawaida, ubavu wako haupo tena kiooni. Siku za mwanzo utajihisi kama umevuliwa nguo. Mimi nilivirudisha mara mbili kabla sijazoea.

Kama huamini, egesha, kisha mwombe mtu atembee kutoka nyuma ya gari, umbali ambao gari la njia ya jirani lingepita. Akianza kutoka kwenye kioo cha kati awe ameshaingia cha pembeni, na kabla hajaishia cha pembeni umwone kwa pembe ya jicho. Hatua atakazopotea, hapo ndipo pikipiki hukaa.

"Basi vikishategwa vizuri, shingo ipumzike."

Hapana. Pengo limepungua, halijaisha, na pikipiki ni nyembamba. Ila usigeuke mwili mzima: ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Tupia jicho tu dirisha la pembeni, ukishawasha indiketa na kabla hujagusa usukani. Indiketa yenyewe ni taarifa. Wako wanaoidhani ni ruhusa.

"Lile la nyuma bado liko mbali."

Inategemea unalitazama kwenye kioo kipi. Vioo vingi vya pembeni vimebinuka kidogo ili vichote eneo pana, na kwa hiyo hupunguza kila kitu, gari la karibu likaonekana dogo na la mbali. Cha kati kwa kawaida ni bapa. Litazame gari hilohilo kwenye vyote viwili kabla ya kuingia mbele yake, utashangaa.

"Dereva wa lori yuko juu, anaona kila kitu."

Anaona mbali, si karibu. Madereva wa Marekani hufundishwa kwamba lori kubwa lina upofu wa mita 6 hivi mbele ya pua yake na mita 9 hivi nyuma ya tela, na ubavuni upofu ni mpana zaidi upande ulio mbali na dereva. Anayejipenyeza mbele ya lori kwenye foleni amejificha chini ya kioo chake cha mbele. London ililiona hili zito kiasi kwamba tangu Machi 2021 lori la zaidi ya tani 12 haliingii bila kibali kinachotegemea dereva anaona kiasi gani kwa macho yake mwenyewe kupitia madirisha ya kabini, si kwenye vioo vya kutazamia nyuma.

Watu husema ukiuona uso wa dereva wa lori kwenye kioo chake cha pembeni, naye anakuona. Nusu ya kweli: anaweza kukuona. Huenda anatazama kwingine.

"Upofu uko nyuma tu."

Ile nguzo iliyoshika kioo cha mbele inatosha kumfunika mtu anayevuka, na kwenye makutano pikipiki inayokuja kwa mwendo unaolingana na wako inaweza kubaki nyuma yake hadi dakika ya mwisho. Sogeza kichwa mbele na nyuma kabla ya kuingia. Unaonekana kama kuku, lakini unaona.

"Gari langu lina kamera ya nyuma."

Ni kitu kizuri. Marekani imeilazimisha kwa magari mapya madogo tangu Mei 2018. Ila naikumbuka habari ya Ray Harroun, aliyeshinda mbio za kwanza za magari za Indianapolis 500, Marekani, mwaka 1911 akiwa peke yake garini, kioo kikishika nafasi ya mtu wa kumwangalizia nyuma. Baadaye alikiri kwamba njia ya matofali ilikitikisa mno hata hakuona kitu. Kamera yangu nayo hupigwa tope mvua ikinyesha siku moja tu. Nina kitambaa kwenye mfuko wa mlango. Nashuka, naifuta, na nikiwa hukohuko nyuma nachungulia chini ya gari kabla ya kupanda.