Je, wajua kwa nini gemu la kutisha huacha kukwama baada ya kuapdetiwa, ilhali konsoli ni ileile?

Kwenye vibanda vya gemu vya Mwanjelwa au Soweto, jijini Mbeya, maelezo hayakosekani: gemu lilikuwa linakwama kila mlango ukifunguliwa, likaapdetiwa, sasa linateleza, basi sasisho limeiongezea konsoli nguvu. Na sasisho la GB 4 lazima liwe limeongeza zaidi ya lile la MB 300. Yote mawili si kweli, ingawa ni vigumu kumpata mchezaji ambaye hajawahi kuyaamini, mwandishi wa makala hii akiwemo.

Tuanze na nguvu. Nintendo Switch ya mwaka 2017 ina chipu ya NVIDIA Tegra X1, RAM ya GB 4 na kioo cha nukta 1280 kwa 720. Hakuna faili la kupakua linaloongeza hata kimoja kati ya hivyo. Baridi nayo haisaidii, maana kasi ya chipu imepangwa na haipandi kwa sababu nje kuna ubaridi. Julai ya Uyole itakufanya tu uingie na konsoli kwenye blanketi, na huko unaziba matundu ya hewa.

Kuna jambo moja linalokaribia kuipinga hoja hii. Mwaka 2019, waliochambua toleo la 8.0.0 la mfumo wa Switch walikuta hali inayopandisha kasi ya prosesa kutoka takriban MHz 1,020 hadi karibu 1,785. Lakini ni wakati gemu linapopakia data tu, gemu lenyewe lazima liandikwe kuitumia, na uwezo huo ulikuwa ndani ya chipu tangu kiwandani. Kasi ilifunguliwa, haikuongezwa.

Uzito wa sasisho nao hausemi mengi. Gemu hufungwa kwenye mafaili makubwa kama viazi vya Njombe kwenye magunia. Kutegemea lilivyoshonwa, kubadilisha kiazi kimoja kunaweza kulazimu gunia zima liletwe upya, na bando likaisha kwa lumbesa ambayo ndani yake kipya ni sauti za lugha usiyoijua. Mstari mmoja wa mipangilio, wenye uzito wa herufi chache, unaweza kufanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Kazi gani hasa? Chukua stendi ambako basi huondoka kwa muda maalumu na halimsubiri mtu. Kioo cha Switch hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani basi moja kila milisekunde 16.7. Kila picha ya gemu ni sahani ya chipsi inayotakiwa kupanda basi. Gemu zito likilenga picha 30 kwa sekunde, mama ntilie, yaani chipu, anapewa muda wa mabasi mawili: milisekunde 33.3. Akimaliza kwa 33, sahani imepanda. Akimaliza kwa 34, basi limeshaondoka na sahani inalala kaunta mpaka linalofuata, kwenye milisekunde 50. Amechelewa chini ya milisekunde moja, abiria amesubiri karibu 17 zaidi. Jicho huvumilia mwendo wa polepole ulio sawasawa. Kinacholiudhi ni 33, 33, 50, 33.

Kwa hiyo sasisho likipunguza mapishi kutoka milisekunde 35 hadi 32, punguzo lisilofika hata asilimia 10, mchezaji ataapa kwamba ameshika konsoli mpya.

Milisekunde hizo tatu hupatikana wapi? Mara nyingi kwenye tochi ya mhusika ndani ya gemu. Ili tochi itupe vivuli, chipu huchora chumba mara ya pili, kikitazamwa kutoka ilipo tochi. Mchoro huo wa pili, uitwao ramani ya kivuli, ukiwa wa 2048 kwa 2048 una nukta 4,194,304. Ukishushwa hadi 1024 kwa 1024 zinabaki 1,048,576, robo tu. Au picha yenyewe inashushwa kwa muda hadi 1152 kwa 648, ambayo ni asilimia 81 ya nukta za awali. Kwenye korido ya giza na ukungu huoni tofauti, kama ambavyo alfajiri ya ukungu pale Isyonje, njia ya Tukuyu, hakuna anayehesabu majani ya miti. Yaani maboresho mengi ni kupunguza, na gemu la kutisha lina pa kufichia.

Kuna aina nyingine ya kukwama, na hii inachekesha. Jitu lisipopakiwa mapema, sura yake, sauti yake na mienendo yake husomwa papo hapo unapoufikia mlango, na gemu linaganda kidogo. Baada ya mara mbili tatu mchezaji ameshajifunza: likiganda, kuna kitu nyuma ya mlango. Hitilafu imegeuka mbiu ya mgambo. Sasisho zuri huanza kulipakia jitu vipandevipande ungali korido ya nyuma, na hofu inarudi. Kwenye Steam Deck, konsoli ya mkononi ya kampuni ya Valve ya mwaka 2022, huongezeka sheda, programu ndogo za kupaka mwanga na rangi, ambazo zisipotangulizwa hutayarishwa mara ya kwanza zinapohitajika. Valve huzituma zikiwa tayari kwa gemu nyingi, ndiyo maana unaona upakuaji mdogo kabla ya kucheza.

Kama bando ni dogo na jirani ana gemu hilohilo lililoapdetiwa, wekeni Switch zenu karibu. Kwenye menyu kuu, ukiwa juu ya picha ya gemu, bonyeza kitufe cha +. Toleo lako limeandikwa hapo. Ingia sehemu ya kusasisha, kisha chagua kulinganisha toleo na watumiaji walio karibu, nyote wawili. Hata gemu likiwa la kadi, sasisho hukaa kwenye kumbukumbu, hivyo acha nafasi. Ulipofikia kwenye mchezo hapaguswi. Huhifadhiwa peke yake ndani ya konsoli.

Likiendelea kukwama mlango uleule, ishuku kadi ya kumbukumbu ya microSD. Kadi bandia hujitangaza kuwa na GB 512 wakati hazina. Pitisha ukaguzi wa data iliyoharibika kwenye menyu hiyohiyo ya kitufe cha +, kisha hamishia gemu kwenye kumbukumbu ya ndani, yenye GB 32 kwenye Switch ya kwanza, na ufungue mlango huo tena.