Kukanda tumbo hakuzuii makovu ya ndani

Ukishapasuliwa tumbo, hutakosa mtu wa kukwambia: jikande kwa mafuta ya moto, utumbo usije ukashikana. Mafuta hulainisha ngozi, basi.

Utando laini unaofunika utumbo ukikwaruzwa au kukauka wakati wa upasuaji, mwili hutandaza nyuzi zinazonata, zilezile zinazogandisha damu kwenye kidonda. Kwa kawaida huyeyuka ndani ya siku chache. Zisipoyeyuka, hugeuka kovu, na utumbo ukanata kwenye ukuta wa tumbo au kizazi. Haya huanza siku za mwanzo kabisa, mshono wa nje ukiwa bado mbichi.

Kwa hiyo kinga kubwa iko mikononi mwa mpasuaji: matundu madogo badala ya mpasuo mrefu inapowezekana, utumbo kushikwa taratibu na kuwekwa unyevu, pengine utando maalumu unaoyeyuka wenyewe. Hata unga uliokuwa ukipakwa kwenye glavu za mpasuaji ulichangia makovu hayo. Marekani ilipiga marufuku glavu za unga kuanzia 2017. Na bado, mikono makini kuliko yote haiwezi kukuhakikishia chochote.

Tumbo likisokota, likajaa, ukatapika na hata upepo hautoki, usikubali kukandwa. Wahi hospitali.