Mshipa wa kisigino: kwa nini nautazama ukiwa kazini

Mwaka wa kwanza wa utafiti wangu wa uzamivu nilimwambia msichana mmoja wa mbio ndefu kutoka Njoro kwamba kano yake ya kisigino imechanika. Haikuwa imechanika. Alikuwa amelala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, na kwenye skrini ya mashine ya ultrasaundi nikaona doa jeusi, vidole viwili hivi juu ya mfupa wa kisigino. Nikamwonyesha. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hivyo daktari, msimu ndio umeisha?" Siku tatu baadaye nilimpima tena, safari hii msimamizi wangu akiwa kando yangu. Aliuchukua mkono wa mashine, ule unaogusishwa kwenye ngozi, kutoka kwangu, akauinamisha kidogo tu, na doa likatoweka. Hofu ya zile siku tatu ni mimi niliyempa, na sijaisahau.

Tuanze na jina lenyewe. Hapa Nakuru karibu kila anayeingia chumbani kwangu husema ana shida ya mshipa. Neno hili limebeba mengi: njia ya damu ni mshipa, neva ni mshipa, hata ngiri watu huiita mshipa. Ninachokipima mimi ni kano, ule uzi mweupe unaoufunga msuli kwenye mfupa, ule unaokataa kisu unapoandaa supu ya miguu. Kano ya kisigino ndiyo nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Misuli ya shavu la mguu, ule wa juu na ule uliolala chini yake, huungana humo, na nyuzi zake hazishuki wima. Zimesokotwa kama kamba ya mkonge, takriban robo ya mzunguko, kabla ya kujishika kwenye mfupa. Kumbuka msokoto huo, nitaurudia.

Sasa lile doa. Mkono wa mashine ya ultrasaundi hutoa sauti ambayo sikio haliwezi kuisikia; ninaotumia mimi hutetemeka mara milioni 12 kwa sekunde. Sauti hiyo hupita katika nyama laini kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde, ikigonga kitu hurudi, na mashine huhesabu muda wa kwenda na kurudi. Kitu kilicho kina cha sentimita 2 hujibu baada ya sehemu 26 za milioni ya sekunde. Kano yenye afya hurudisha sauti vizuri sana, kwa hiyo huonekana kama mistari myeupe iliyolala sambamba, mfano wa ukili wa mkeka, unene wake milimita 5 hivi.

Lakini huirudisha kama bati. Ukisimama juu ya kreta ya Menengai asubuhi ukitazama mjini, kuna bati moja litakalokumulika machoni. Piga hatua mbili pembeni, bati lile lile limezimika. Halijatoboka, mwanga unarudi upande mwingine. Kano nayo ni hivyo. Sauti isipoigonga kwa pembe ya mraba, mwangwi hukwepa mashine na skrini huonyesha weusi. Karibu na kisigino kano hupinda, na hapo ndipo anayeanza kazi hii hutangaza ugonjwa usiokuwepo. Siku hizi sitaji doa lolote kabla sijainamisha mkono wa mashine huku na huku, nikalitazama kwa urefu na kwa upana.

Hata doa likiwa la kweli, bado kazi haijaisha. Kano iliyochoka hunenepa, mistari yake huvurugika, na kipimo cha Dopla huonyesha vijishipa vipya vya damu vikiingia mahali ambapo kwa kawaida havionekani. (Ukitaka kuviona, mgonjwa aulegeze mguu kabisa, maana kano ikikazwa vijishipa hivyo hubanwa na kupotea.) Yote hayo nimeyaona kwa watu waliokuwa na maumivu. Nimeyaona pia kwa wanariadha wasiolalamikia chochote, waliokuja kunisaidia tu kama wazima wa kulinganishwa. Wapo wanaochechemea ambao picha yao ni safi. Picha ya kano iliyolala kitandani haiwezi kukuambia peke yake kwa nini mguu unauma, na anayekuandikia matibabu kwa picha hiyo tu amekuharakisha.

Kano haikuumbwa ilale. Mtafiti wa Ufini, Paavo Komi, alipima nguvu inayopita humo kwa njia ambayo hadi leo hunishangaza: watu wa kujitolea walifungiwa kwa upasuaji kipimo kidogo cha chuma kuzunguka kano ya kisigino, kisha wakakimbia. Kipimo kilifika nyutoni 9,000, mara 12.5 ya uzito wa mkimbiaji. Gunia letu la mahindi ni kilo 90. Piga hesabu: ni kama magunia kumi yanayoning'inia kwenye kamba ambayo upana wake haupiti sana kidole gumba, na ni mguu mmoja, kila hatua. Kamba hiyo huvutika, huhifadhi nguvu kama manati, kisha huirudisha mguu ukiiacha ardhi. Kinachopotea kama joto ni kidogo sana.

Kumpasua mkimbiaji ili nimpime siwezi, wala sitaki. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Japani na Uingereza walionyesha kwamba ultrasaundi inaweza kuifuata kano ndani ya mtu aliye hai huku akikaza msuli, na njia hiyo ndiyo niliyoirithi. Mtu huketi, wayo wake nimeufunga kwenye kibao kinachopima nguvu, mkono wa mashine nimeufunga nyuma ya mguu. Namwambia asukume polepole hadi mwisho wa uwezo wake, kisha aachie polepole vilevile. Ndani ya picha kuna punjepunje za kijivu zinazotokana na mwangwi, na mpangilio wake kila mahali ni wa pekee kama alama ya kidole. Programu huzifuata punje hizo picha baada ya picha. Sehemu ya kano iliyo huru, ile isiyo na msuli juu yake, ni sentimita 6 hivi. Ikivutika asilimia 5, ninachotafuta ni milimita 3. Mtu akikohoa tu, kipimo kimeharibika.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Kano haivutiki kama kitu kimoja. Kwa vijana wazima, tabaka la ndani husogea zaidi kuliko la nje, kwa sababu nyuzi zinazotoka kwenye kila msuli zina safari yake, na hapo ndipo ule msokoto una maana: sehemu hizo huteleza moja kando ya nyingine. Umri ukisonga, tofauti hiyo hupungua. Tabaka hutembea pamoja kana kwamba zimegandishwa. Swali la utafiti wangu ni kama kano inayouma nayo huwa imeganda hivyo, na kama mtelezo huo unaweza kurudi. Ndiyo maana napima wakimbiaji na pia wavuta mikokoteni wa soko la Wakulima. Mkimbiaji huipiga kano kwa kasi, maelfu ya mara. Mzee anayepandisha mkokoteni wa viazi huivuta taratibu, kwa muda mrefu, mwili mzima ukiwa umeegemea mbele. Kano ni ile ile, kazi ni mbili.

Kuna jambo moja kutoka Denmark ambalo huwaeleza makocha wa shule kila ninapopata nafasi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni-14 hewani, na kila aliyekuwa akikua wakati huo aliijenga mwilini mwake, kwa hiyo kiasi chake huonyesha nyama hiyo ilijengwa lini. Mwaka 2013 watafiti walipima kaboni hiyo katika kano za kisigino za watu, wakakuta kwamba kiini cha kano hujengwa katika miaka 17 hivi ya kwanza ya maisha, na baada ya hapo karibu hakibadilishwi tena. Mtoto wa kidato cha pili anayezungushwa uwanjani asubuhi na jioni akiwa na maumivu anaifanyia kazi kano atakayoitembelea akiwa na miaka sitini. Naomba asikilizwe anaposema kisigino kinauma.

Wengi huniuliza kama basi wapumzike. Kupumzika kabisa hutuliza maumivu, lakini kano isiyobeba kitu hulegea, na siku ya kurudi huuma upya. Inahitaji mzigo uliopimwa. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walichapisha zoezi ambalo bado tunalitumia: unasimama kwenye ukingo wa ngazi kwa ncha za vidole, unateremsha kisigino polepole kwa mguu unaouma, unajiinua kwa mguu mwingine. Mara 15, mizunguko mitatu goti likiwa limenyooka, mitatu likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Hiyo ni mara 180 kwa siku. Anayetibiwa na mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kupewa uzito mkubwa kwa siku chache za wiki badala yake, na hilo pia hufaa.

Sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndani ya kano, hapana. Nimewapima watu waliochomwa katika kliniki za mitaani, maumivu yakatulia wiki chache, wakakimbia juu ya kano iliyodhoofishwa. Na dawa ya sipro (siprofloksasini, ya kuua bakteria), ambayo watu hununua dukani tumbo likisumbua, inaweza kuidhoofisha kano hadi ikatike. Marekani iliagiza onyo kali liandikwe kwenye pakiti zake mwaka 2008. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyepita miaka sitini na kwa anayetumia steroidi. Kisigino kikianza kuuma ukiwa unaimeza, iache na umrudie daktari siku hiyo hiyo.

Yule msichana wa Njoro alikuwa na kano iliyovimba kweli, ingawa haikuchanika. Alifanya zoezi la ngazi kwa wiki zote 12 kwenye kizingiti cha jiko la mama yake. Nilipompima mara ya mwisho, unene ulikuwa ule ule, na weusi kidogo wa uvimbe huo, si lile doa la kwanza, bado ulikuwepo hata nilipoinamisha mkono wa mashine. Maumivu yalikuwa yamekwisha. Safari hii nilimweleza picha yote taratibu, na jambo ambalo haisemi.